Kiuno cha Mheshimiwa

Siasa za nchi hii wengine mnazisoma kwenye magazeti. Mimi nazisoma kwenye futi kamba.

Ni fundi cherehani. Nina mashine ya kukanyaga kwa mguu, kibanda cha mabati mbele ya nyumba, na daftari la vipimo lililokunywa mafuta ya maandazi. Mtaa wangu siutaji, maana mke wangu bado anakopa unga hapo. Jueni tu kwamba uko Mwanza, mlimani, una mawe makubwa kuliko nyumba, na una mtaro mmoja uliojiamulia kupita kwangu. Mvua ikinyesha huko juu kwa wenzetu, maji yanashuka na kila kitu walichokichoka: kandambili za mguu mmoja, pempasi, kichwa cha sangara. Vyote vinapiga hodi kibandani. Vuli zilipoanza nikaokota bulauzi niliyoishona kwa mkono wangu mwenyewe. Yule mama aliniapia ameipeleka kwa mwanawe Shinyanga.

Mtaro nimeshauzoea. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba sijui nimgombeze nani.

Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka shemeji yangu alipokuja. Dada yangu aliolewa Kenya, kaunti moja ya huko ziwani. Nayo siitaji, zinazogusa ziwa ziko tano, bahatisheni. Shemeji akapanda basi, akavuka Sirari, akashuka hapa na kilo mbili za majani ya chai, kana kwamba sisi tunakunywa maji ya moto matupu. Akanikuta nimeinama na chepe, matope mpaka magotini.

"Shemeji, kwani gavana wenu anafanya kazi gani?"

Nikamwambia gavana wetu yuko Benki Kuu. Analinda shilingi. Mitaro haimhusu.

Alicheka mpaka akakalia suruali ya mteja.

"Wacha nikueleze," akasema. Mkenya akisema wacha nikueleze, tafuta kiti. "Sisi katiba ya 2010 ilituletea kaunti 47. Kila kaunti iko na gavana. Si kuteuliwa, ni kura, tangu 2013. Miaka tano. Ukimpenda, unamwongeza tano. Hapo anaenda nyumbani."

"Akiharibu?"

"Wale wawakilishi wa wadi wanamng'oa. Theluthi mbili wakikubali, kesi inaenda Seneti. Unamwona kwa TV anatoa jasho."

Nikasikia wivu. Mimi kumwona kiongozi akitoa jasho ni mpaka umeme ukatike nikiwa nampima koti. Nikamuuliza huyo gavana kazi zake hasa. Akaanza kuhesabu kwa vidole: hospitali za kaunti, shule za nasari, masoko, taka, zimamoto, barabara za kaunti, leseni za baa, makaburi, leseni za mbwa.

"Mbwa?"

"Mbwa iko kwa katiba, shemeji. Jedwali la nne. Hata pahali pa kuzika wanyama."

Hebu fikirieni. Mtu mmoja anakushika kuanzia nasari mpaka kaburini, na mbwa wako naye hajasahaulika. Mimi nina miaka 52, sijui hata kwa uhakika nani anahusika na maji yanayopita chini ya cherehani yangu.

"Sasa nyinyi mko na nani?" akauliza.

Hapo ndipo nilipoaibika, kwa sababu ninao wengi. Tukianza juu kuna mkuu wa mkoa. Huyo hatumpigii kura, anateuliwa na Rais. Mkeka, yaani orodha ya walioteuliwa, unatoka jioni, kwenye simu za watu unafika kabla ya taarifa ya habari, na aliyekuwa hapa kesho yuko mkoa mwingine hata hajamaliza kujua njia ya kwenda Ukerewe. Mkuu wa wilaya, mkeka. Mkurugenzi wa halmashauri, mkeka. Halafu kuna wa kura: mbunge, diwani, mwenyekiti wa mtaa. Meya yuko katikati: kura kapata, ila kutoka kwa madiwani wenzake. Na usidhani Mwanza ni moja. Katikati ya mji uko Halmashauri ya Jiji, upande wa Nyamagana. Ukipanda daladala ukashuka Kirumba kununua dagaa, umeshaingia Manispaa ya Ilemela, meya mwingine, mkurugenzi mwingine. Umebadilisha serikali na nauli ni ile ile.

Shemeji akanyamaza, akauliza swali la kitoto ambalo ndilo lililonimaliza: "Na kati ya hao wote, wa mtaro ni nani?"

Nikamsimulia habari ya diwani.

Huyu mheshimiwa nilimshonea kaunda suti ya kampeni. Wakati huo kiuno chake kilikuwa inchi 34. Alikuwa mtu wa kusalimia mpaka kuku. Nusu ya hela alilipa, nusu akasema atamalizia akipata. Alipata. Juzi amerudi na ile ile kaunda suti, haifungi. Nikampima: 41. Mimi sisemi kitu. Mimi ni fundi tu, nasoma namba. Lakini inchi saba katika muhula mmoja, hata mjamzito anaomba aoneshwe njia.

Ila nikajua nimempata, kwa sababu mtu akiwa ndani ya futi kamba hawezi kukimbia. Nikaibana kidogo, nikamuuliza habari ya mtaro.

"Fundi," akasema, ametoa pumzi nusu, "diwani hana fungu mfukoni. Diwani ni sauti yenu. Nabeba hoja nayapeleka mambo yenu barazani."

"Baraza linakaa lini?"

"Kila miezi mitatu."

"Likishakaa?"

"Tunajadili. Inaingia kwenye bajeti. Tunapitisha. Tunasimamia. Lakini afisa masuuli ni mkurugenzi, yeye ndiye mwenye kusaini hela."

"Mkurugenzi huyo tulimchagua lini?"

"Hachaguliwi."

"Basi meya."

"Meya ni diwani kama mimi, sisi ndio tuliomchagua. Anavaa joho na mkufu, anaongoza kikao. Hundi hashiki." Halafu akakumbuka jambo, uso ukanawiri. "Tena, fundi, barabara za mitaani toka 2017 zina wakala wake. Hazipo tena mikononi mwa halmashauri. Mtaro wako uko ndani ya hifadhi ya barabara au nje?"

"Mtaro wangu uko ndani ya nyumba, mheshimiwa."

Akasema atalifuatilia. Nikaachia futi kamba. Wakati anaondoka akanishauri mke wangu ajiunge na kikundi, halmashauri inakopesha asilimia 10 ya mapato yake ya ndani bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Nikapiga hesabu nikaona imeshafika kumi. Wanaume wa makamo wenye cherehani iliyokatika mkanda hatumo hata kwenye desimali. Kaunda suti akaiacha, niiachie mishono yote iliyobaki. Ya deni hakusema. (Kitambaa cha kuachia kimebaki sentimita mbili. Akichaguliwa tena itabidi niunge na pazia.)

Shemeji alisikiliza yote haya akitingisha kichwa kama daktari anayesoma picha ya eksirei ya mtu wa ukoo mwingine. "Shemeji, nyinyi hamna shida ya mtaro. Mko na shida ya mtu wa kulaumu. Sisi tukikasirika, tunajua ni nani. Tunamtaja jina mpaka kwa matatu."

Ikaniuma, kwa sababu ni kweli. Tusi linahitaji anwani. Mimi nikikasirika asubuhi, mpaka nimemaliza kufikiri hasira ni ya nani, chai imepoa na mteja wa kwanza ameingia.

Jioni mke wangu akapika sato na ugali wa muhogo. Shemeji akala kwa heshima zote, halafu akatangaza kwamba ngege wa kwao ni mtamu zaidi. Nikamwambia shemeji, ngege ndiye huyu huyu sato, kaogelea tu kidogo mpaka kwenye kaunti. Ziwa lenyewe wana asilimia 6, sisi karibu nusu. Asilimia 6 na magavana watano wa kulitazama! Kama ni kugawana, kila gavana ana kipande cha kunawia mikono.

Akacheka, lakini nikaona amechomwa. Na mke wangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema neno, akaweka bakuli la mchuzi mezani na kuuliza kwa upole kabisa:

"Kwa hiyo shemeji, huko kwenu mtaro unapitisha maji?"

Shemeji akatafuna. Akatafuna tena. Sato hana nyama ya kutafunwa muda huo.

"Ule wa mbele," akasema, "hiyo barabara ni ya serikali ya kitaifa. Gavana hawezi kuiguza."

"Na wa nyuma?"

"Wa nyuma ni wa kaunti. Lakini pesa haijatoka Nairobi. Unajua, shemeji, katiba inasema kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato, sasa hiyo pesa ikichelewa kutumwa..." Akaendelea pale na Seneti, na kamati, na mgao. Alieleza vizuri sana. Ningekuwa na kiti kingine ningemwita diwani wangu aje ajifunze namna mpya za kujibu.

Mke wangu alimwacha amalize. "Chepe nyumbani mnalo?"

"Tuko nalo."

"La mpini mrefu?"

"Mrefu."

Akamwongezea samaki. Habari ya gavana haikutajwa tena usiku ule.

Saa nane za usiku mvua ikashuka. Si mvua ya kunyesha, ile ya kumwagwa, ya Mwanza, ambayo ikipiga mabati hata ugomvi wa ndoa unaahirishwa. Nikasikia maji yanaongea kibandani. Halafu nikasikia hodi. Nikajua ni kandambili za wenzetu wa juu, nikageuka ukutani. Hodi tena, safari hii na jina langu.

Kufungua, mwenyekiti wa mtaa. Tochi mdomoni, suruali imekunjwa mpaka magotini, kiunoni amefunga kamba ya katani. Akatoa tochi.

"Fundi, samahani kwa usiku. Niazime chepe. Langu limekwenda na maji pale kwa bibi."

Sasa huyu mtu, nikikaa nikafikiri, sikuwa nimemhesabu vizuri wakati namwelezea shemeji. Nilimtaja wa mwisho, harakaharaka, kama mtu anayemalizia namba ya simu. Ofisi yake ni chumba kimoja na muhuri. Mshahara hana. Barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti, kwake. Mbuzi amekula mboga za jirani, kwake. Mume kamfungia mke nje, kwake, na anayefungiwa nje analala kwake pia. Kwenye daftari langu alianza na inchi 33. Kila mwaka huniletea suruali ile ile nimpunguzie. Mara ya mwisho ilikuwa 30, mifuko ya nyuma miwili imeshakutana katikati, imekuwa mmoja.

Tukatoka watatu. Mimi na chepe, shemeji na sufuria la mke wangu (amelilalamikia mpaka leo), mwenyekiti na jembe la kuazima. Kilichokuwa kimeziba mtaro ni godoro. La futi nne kwa sita, maua ya zambarau, nalijua, nimewahi kulishonea foronya. Tukavuta mpaka shemeji akaanza kusali kwa Kijaluo. Lilipotoka, maji yakapita kwa kishindo, yakaacha kibanda changu yakaelekea kwa jirani wa chini, ambaye naye ana haki ya kutafuta wa kumlaumu.

Simu ya mwenyekiti ikalia. Akaishika kwa vidole viwili visivyo na matope sana.

"Ndiyo, mheshimiwa diwani... Ndiyo. Tuko hapa na wananchi... Hapana, hamna maafa... Sawa, mheshimiwa, kesho nitaandika ripoti kwamba umefika."

Akakata. Hakuna aliyesema kitu. Shemeji akanisogelea, maji yanamchuruzika puani, akaninong'oneza, ila Mkenya hajui kunong'ona:

"Na huyu je? Huyu ni wa mkeka ama mlimpigia kura?"

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024, siku ya Jumatano. Serikali ikaifanya siku ya mapumziko ili watu wapate nafasi ya kupiga kura. Mimi neno mapumziko nililielewa kama lilivyo. Nikainamia chepe, nikaanza kuchimba mahali ambapo hapakuwa na haja ya kuchimbwa.

"Ni wa kura," mwenyekiti akajibu badala yangu, akiivuta suruali juu kwa kiwiko. "Ila fundi siku ile alikuwa amelala. Nilipita kumletea hii hii suruali, nikamsikia anakoroma."