Ploti Isinya, seng'enge bure

Juzi simu yangu imeniletea tangazo la ploti za futi hamsini kwa mia huko Isinya, kusini mwa Nairobi. Picha ni ya pundamilia watatu wanakula nyasi, na maneno yake: "Amka utazame wanyama ukiwa barazani." Chini yake ofa: ukilipa taslimu, unazungushiwa seng'enge bure.

Nikamwandikia muuzaji, hao pundamilia watapita wapi? Akanijibu kwamba gari la kwenda kuona shamba linaondoka Jumamosi saa tatu, karibu sana.

Watu wa Nairobi tunajidanganya kwamba Mbuga ya Nairobi ndiyo nyumba ya wanyama, na wakionekana mjini Kitengela, nje ya mbuga, basi wametoroka. Ni kinyume kabisa. Mbuga yote ni kilomita za mraba 117, na kwa nyumbu ilikuwa kimbilio la kiangazi, kwa sababu ya maji. Mvua ikinyesha walivuka mto Mbagathi kwenda kusini, kwenye tambarare za Kaputiei. Huko nyasi ni fupi na zina madini anayohitaji mama anayenyonyesha, na simba huonekana kutoka mbali. Ndiko walikozalia. Mwaka 1978 nyumbu wa tambarare hizo za Athi-Kaputiei walihesabiwa zaidi ya 26,000. Kufikia 2011 hawakufika 3,000. Ranchi za jumuiya ziligawanywa, kila mtu na hatimiliki yake, kila hatimiliki na ua wake, na nyumbu si swala pala wa kuruka seng'enge. Anaufuata ua hadi anachoka.

Mohawk, simba wa Mbuga ya Nairobi, alipopigwa risasi hapo hapo Isinya mwaka 2016 tulilia mitandaoni, halafu tukarudi kutafuta ploti.

Na nyinyi mnaokuja na malori ya miche ya miti "kuokoa" tambarare: nyasi si upara unaohitaji nywele.

Haya, nakubali shingo upande: mchungaji mwenye watoto sekondari hawezi kula mandhari. Mpango ulioanza mwaka 2000 wa kuwalipa wenye ardhi wasiweke ua ulitoa dola 4 kwa ekari. Kwa mwaka! Na hata kwa hela hiyo ya chai, watu walijiunga, wakalipia karo. Kwa hiyo msiniambie Wamaasai hawataki wanyama. Wanaovuna pesa za wanyama ni hoteli na kampuni za utalii za mjini, ila nyasi wanataka za bure. Mlipeni mwenye ardhi bei inayoweza kushindana na ya dalali, la sivyo msimlaumu dalali akipiga simu na mwenye ardhi akapokea.