Barua Tumeshaisikia

Katika ukoo wetu, mtu akishakuwa mwalimu basi ndiye msemaji wa kila shughuli, hata kama anafundisha fizikia kidato cha tatu na watu wazima wanamtia jasho. Ndivyo nilivyoteuliwa mshenga mkuu kwenda kumposea mpwa wangu binti wa kijiji kimoja upande wa Chongoleani, ng'ambo ya ghuba ya Tanga. Kwa barabara ni kuzunguka, na hela ya kukodi gari wazee walishaipigia hesabu kwenye kilemba. Kwa hiyo tukapandia boti pale Deep Sea, kanzu zimepigwa pasi, tunanukia udi mpaka nahodha akapiga chafya.

Sasa, mahari anataja bibi harusi mwenyewe, hiyo haina mjadala. Vita iko kwenye vikorombwezo: kilemba cha baba, mkaja wa mama, fungua mlango, na vingine vinavyozaliwa palepale mkekani. Mkakati tukaupanga njiani, mashine inanguruma na kila mtu anapiga kelele asikike. Tunafungua na laki tatu kwa vyote. Wakikataa tunanung'unika kidogo, tunapanda laki tano.

"Wakitukaba koo kabisa," nikasema, "mwisho wetu laki nane, na hilo wasilijue hata ndotoni!"

Tulipokipita kisiwa cha Toten na kuikaribia ng'ambo, nahodha akazima mashine asije akapanda mwamba, akashika upondo. Mashine ikanyamaza, sisi hatukunyamaza. Masikio yaliyovumishwa njia nzima hayajui kelele imekwisha, kwa hiyo kikao kiliendelea kwa sauti ileile. Ami yangu, aliyekuwa amekaa jirani na mashine, akauliza tena kiwango.

"LAKI NANE, AMI! NANE!"

"Na yule bibi yao mzee, naye tumwekee chake?"

"Yule kiziwi, hasikii kitu! Tumwamkie tu, inatosha!"

Pwani palikuwa na watu. Fundi mmoja alikuwa anagongelea msumari kwenye dau. Nyundo inashuka kimya, mlio unatufikia nyundo ishapanda juu. Mwalimu akipata kitu kama hicho hawezi kunyamaza. Nikawaeleza wazee kwamba mwanga unakwenda kama kilomita 300,000 kwa sekunde na sauti mita 340 tu, ndiyo maana tunaona kwanza halafu tunasikia. Tena huo mlio ulikuwa unatufikia umechoka kabisa, nikawahakikishia kuwa bado tuko mbali, waongee bila wasiwasi.

Kumbe kulikuwa na kaupepo kanatoka nyuma yetu kuelekea pwani. Upepo huwa mdogo karibu na maji na mkubwa kule juu, kwa hiyo wimbi la sauti likienda nao, sehemu yake ya juu inatangulia, wimbi linainama na kuwashukia watu masikioni. Linalokuja kinyume na upepo hupinda kwenda juu, likapita vichwani. Maana yake nyundo yao ilikuwa inaturuka, na laki nane yetu ilikuwa inawashukia. Na bahari ilikuwa imelala shwari, hakuna kichaka wala ukuta wa kuizuia sauti, na maji yenyewe hayainyonyi, yanairudisha tu juu iendelee na safari. Haya yote huwa nayachora ubaoni kwa chaki za rangi.

Tukawaona wanawake wameshikana mabega wanacheka. Tukawapungia mikono. Ami akasema watu wa huku wakarimu sana.

Kufika karibu, maji meupe, mchanga unaonekana mpaka nyayo za kaa. Nikasimama.

"Mwalimu, ngoja nisogeze," nahodha akasema. "Hapo maji ya kifua."

"Maji ya magoti hayo, naona mchanga!"

Mwanga ukitoka majini kuingia hewani hupinda, basi kina cha futi nne ukikitazama kwa juu unakiona futi tatu, na ukikitazama kwa ubavu kama nilivyokitazama mimi, kinapungua zaidi. Nikaruka kwa heshima zote. Kanzu ikabaki juu ya maji, imefunguka pande zote kama mwamvuli, mimi nikaendelea kushuka. Mfuko wa kanzu ndio uliokuwa na barua ya posa, pamoja na sehemu ya noti.

Tukakaribishwa, nikapewa kikoi cha kubadilisha, tukaketi mkekani. Nikaitoa bahasha. Wino ulikuwa umetiririka wote, limebaki jina la Mwenyezi Mungu tu pale juu, na lenyewe kwa shida. Nikaanza kuomba radhi. Msemaji wao, mzee mpole mwenye kofia ya vitobo, akainua mkono.

"Usihangaike, mwalimu. Barua tumeshaisikia."

Ami akakohoa. Mzee akaendelea taratibu: "Sisi hatuna makuu. Hatutaki mpite kwenye laki tatu, sijui laki tano, mkachoka bure. Laki nane, kwa vyote. Na hatukumkaba mtu koo."

Nikamtazama nahodha pale mlangoni. Alikuwa anaangalia darini.

Nilidhani yameisha, mpaka bibi akasogezwa mbele. Nilikuwa nimewaona wajukuu wakimwita kwa visauti vyao vyembamba wala hageuki. Lakini uzee huanza kula sauti nyembamba, zile za mitetemo maelfu kwa sekunde, na nzito huziacha mwisho. Yangu mimi ni besi, mitetemo 100 na ushei, kila wimbi lina urefu wa kama mita tatu.

"Hawa siwasikii, mwanangu," akasema, "lakini wewe nilikusikia vizuri sana. Haya, kuniamkia umeshaniamkia. Changu kiko wapi?"

Tukamchangia elfu hamsini palepale. Akazihesabu, akanirudishia noti moja iliyolowa, akataka kavu.