Ringi Mpya, Sili za Enzi za Babu

Jamani, hebu tuulizane. Pikipiki ya tu-stroku, ile ya kuchanganya oili na petroli, imelala bandani miaka na miaka, panya wamezalia ndani ya kiti, halafu mtu anaivuta nje na kurukia kiki kama kakanyaga siafu! Pistoni imegandia silinda, wewe unalazimisha nini? Ringi, ile duara ya chuma inayozunguka pistoni, ikikatika inachana ukuta wote. Fungua plagi, mimina dizeli, iache siku kadhaa. Imesubiri miaka yote hiyo, leo ndiyo ina haraka?

Na hiyo nyundo, nani alikupa? Flaiwili, lile gurudumu zito la injini, ina pula yake, kifaa cha kuivuta itoke. Krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwenye injini nyingi za hivi ni vipande vilivyoshindiliwa pamoja. Igonge uone itakavyopinda, kisha mtikisiko uusikie mpaka kwenye magego.

Lakini kinachonichosha kabisa ni sili za krenki, ile mipira ya kuzuia uvujaji kwenye ncha zake mbili. Mtu kachonga silinda, kanunua pistoni ya ovasaizi inayojaza silinda iliyopanuliwa, mwanya wa ringi kapima kwa fila geji, mambo safi. Sili? "Aa, hizi bado nzima." Nzima wapi, mpira umekauka! Kwenye injini hii nyumba ya krenki ndiyo pampu: petroli na hewa hupita huko chini kwanza ndipo zipande kwenye silinda. Sili ya upande wa magneti, panapozalishwa umeme wa cheche, ikivujisha, hewa inazidi petroli. Unaachia mafuta, injini haishuki, inazidi kulia, joto linapanda, na pistoni yako mpya inanoki. Ya upande wa klachi ikichoka, injini inakunywa oili ya giaboksi na kufuka moshi mweupe hadi majirani wafunge madirisha. Mipira miwili tu hiyo! Ukishapasua injini, badilisha, usiikague kwa macho.

Sirklipu, vile vibanio vya pini ya pistoni, nazo anarudisha zile zile alizozikunja kwa koleo. Mshale juu ya pistoni uelekee egzosi. Yeye anadhani ni urembo. Ukigeuza, ncha za ringi zinaweza kunasa kwenye tundu la silinda.

Oili anakadiria kwa kizibo. Kipimo cha 1 kwa 25 ni mililita 40 kwa lita moja ya petroli, si "kidogo hivi". Akiona moshi anapunguza, kumbe ndiyo oili pekee inayolainisha pistoni.

Mwisho pikipiki haina nguvu, analaumu kabureta. Mwanya wa pointi, ile swichi ya cheche ya plagi, ambao mara nyingi ni kama milimita 0.35, hajapima, silensa imejaa masizi mpaka mdomoni, yeye yuko bize anatafuta jeti, kile kitundu cha petroli ndani ya kabureta, kubwa zaidi.