Karatasi moja kwenye nguzo ya taa

Kwenye njia panda ya kijiji kimoja huku Uingereza kuna karatasi imefungwa kwenye nguzo ya taa. Ni A4 ya kawaida, imetiwa kwenye mfuko wa plastiki ikakazwa kwa zile kamba za mafundi wa umeme. Mvua imeipiga na pembe zimejikunja, lakini inasomeka: kampuni fulani inaomba kujenga nyumba 120 kwenye shamba la ngano lililo nyuma ya kanisa, namba ya ombi ni hii, mwenye neno aandike ndani ya siku 21. Basi. Hakuna hema, hakuna viti vya kukodi, hakuna mheshimiwa wa kusubiriwa mpaka saa nane.

Karatasi hiyo imeniudhi wiki nzima, maana kwetu, pwani ya Kenya, tangazo la kwanza la mradi ni tingatinga. Jumatatu mabati ya uzio, Jumanne mikorosho iko chini, Jumatano ndipo tunaulizana nani kauza.

Najua mtakalosema. "Umekula baridi miaka miwili mitatu, sasa umekuwa Mzungu." Hasha. Nivumilieni kidogo nieleze wanavyopinga hawa, kisha nitawaambia kwa nini silaha kali zaidi tunayo sisi, ila tumeiweka darini.

Huku mradi wa nyumba 10 na zaidi huhesabiwa mkubwa, na halmashauri ina wiki 13 za kuamua, au 16 kukiwa na tathmini ya mazingira. Nyaraka zote zinawekwa mtandaoni: michoro, hesabu ya magari, hata ripoti ya popo wanaolala kwenye banda bovu. Mpingaji mzoefu anazisoma zote, naye anajua lisilohesabiwa. Ukilalamika kwamba nyumba yako itashuka bei, au dirisha lako litakosa kuona bonde, barua yako haina uzito wowote. Ukisema barabara, mafuriko, kelele, au dirisha la ghorofani litakalochungulia chumbani kwako, afisa mipango lazima aipime hoja yako.

Chukueni mlango wa kuingilia barabarani. Kipimo kinachotumika pale magari yanapokwenda maili 30 kwa saa ni hiki: dereva anayetoka, akiwa mita 2.4 nyuma ya ukingo wa barabara, aone mita 43 kila upande. Sasa wazee wawili wanatoka asubuhi na futi ya utepe, wanapima, wanakuta ua wa miti unaziba kwenye mita 31, na ua wenyewe ni wa jirani ambaye hauzi. Kipimo hicho kina nguvu kuliko sahihi 600, kwani halmashauri nyingi huuhesabu waraka wa sahihi kama pingamizi moja tu.

Au chukueni maji ya mvua. Mjenzi akisema yatanyonywa na ardhi, anatakiwa achimbe shimo la majaribio, alijaze maji mara 3, kila mara apime muda ambao maji yanachukua kushuka kutoka robo tatu ya kina hadi robo moja. Mpingaji anayejua kazi anauliza swali moja: shimo lilichimbwa mwezi gani? Agosti udongo umekauka, unakunywa kama ngamia. Februari maji ya chini yamepanda, na shimo lile lile linaweza kushinda limejaa kutwa. Wajenzi wanaipenda sana Agosti. Siku ya kikao cha kamati mpingaji hupewa kama dakika 3 hivi, na mwenye akili anazimaliza zote kwenye shimo hilo.

Msinielewe vibaya, baadhi ya hawa watu ni wachoyo. Wamehamia kijijini juzi kutoka London, wakishaingia wanataka mlango ufungwe nyuma yao, na vijana waliozaliwa hapo hawana pa kupanga. Tena mara nyingi wanashindwa. Halmashauri isipoweza kuonyesha ardhi ya kutosha nyumba za miaka 5 ijayo, mizani inainamia upande wa mjenzi. Akikataliwa, anakata rufaa kwa mkaguzi wa serikali. Jirani je, ombi likikubaliwa? Hana rufaa hiyo. Amebakiwa na mahakama kuu, ndani ya wiki 6, na huko anasikilizwa kuhusu kosa la kisheria tu. Kusema uamuzi ni mbaya hakumsaidii kitu.

Haya, turudi Kenya. Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi mkubwa abandike matangazo pale penye watu, atangaze gazetini na redioni kwa wiki 2 mfululizo, tena redioni kwa lugha ya wenyeji pia, na afanye mikutano isiyopungua 3 na watakaoathirika. Ripoti ikifika NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, umma unaalikwa kutoa maoni kwa siku 30. Leseni ikitolewa, aliyeumia anaweza kwenda kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal), linalosikiliza kesi hizo kama mahakama, ndani ya siku 60. Mwanakijiji wa hapa nilipo angelia machozi kupata mlango kama huo.

Na mlango huo unafunguka. Kwasasi, Lamu, palikuwa pajengwe mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, leseni ya NEMA iko mkononi tangu 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza likaifuta. Hoja moja kubwa ilikuwa kwamba mikutano ilifanywa kabla ya utafiti kukamilika, kwa hiyo watu hawakuwahi kuelezwa athari zenyewe wakazijibu. Lamu hawakushinda kwa kupiga kelele. Walishinda kwa tarehe.

Ndiyo maana nachoka nikituona tunasubiri uzio usimame ndipo tushone mabango. Kwenye mikutano ya mradi tunakaa, soda tunakunywa, ile karatasi ya mahudhurio ikizunguka tunatia sahihi bila hata kusoma kichwa chake. Kisha inabandikwa nyuma ya ripoti, nasi tumekuwa "jamii iliyoshirikishwa". Kabla ya kutia sahihi, andika pembeni ya jina lako: nimehudhuria, sijakubali. Ipige picha ukurasa mzima. Barua ya pingamizi toa nakala 2, moja waache nayo, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akisema muhuri umefungiwa, ngoja pale pale mpaka mwenye ufunguo arudi.

"Tukiuliza maswali mwekezaji ataondoka, vijana watakosa vibarua." Hili nalijua kwa moyo. Lakini pigeni hesabu ya nyumba 120 huko kwetu pwani: watu 5 kila nyumba, lita 100 kila mtu, ni lita 60,000 kwa siku, maboza 6 ya lita 10,000. Yatatoka wapi? Akisema kisima, atavuta kiasi gani, na nani amepima visima vya jirani kabla pampu haijawashwa? Pwani ukivuta kupita kiasi bahari inakuja chini kwa chini, na kisima kilichoonja chumvi hakirudi kuwa baridi upesi. Maji taka nayo: mashimo yako umbali gani na visima, na gari la kunyonya litapita njia ipi masika, wakati pikipiki yenyewe inasukumwa? Mwekezaji mwenye majibu hayo hakimbii. Asiye nayo, vibarua vyake ni vya miezi kadhaa na chumvi tutabaki nayo sisi.

"Na kama tangazo halikubandikwa kabisa?" Hiyo sasa ndiyo hoja yenu ya kwanza. Pigeni picha za kiwanja, mlango wa chifu, ukuta wa zahanati na mti wa msikitini, pote palipo patupu, mmoja ameshika gazeti la siku hiyo. Rudieni wiki ya pili.