Matumbawe Yasiyohitaji Mwanga: Chakula na Mahali pa Kuyaweka Tangini

Matumbawe mengi ya mwambani hupata sehemu kubwa ya nguvu zao kutoka kwa mwani wa hadubini uishio ndani ya nyama yao. Tumbawe liitwalo Tubastraea, lenye rangi ya chungwa, halina mwani huo, kwa hiyo kila polipi, yaani kila kijinyama chenye mdomo wake, hulazimika kunasa chakula chake yenyewe, na hapo ndipo wafugaji wa matumbawe wanapogawanyika.

Wapo wanaohimiza kulisha kwa wingi, na hoja yao ina uzito: koloni, yaani kundi la polipi zilizoungana, likiwa na njaa huweza kuonekana zima kwa wiki kadhaa, kisha nyama iliyo kati ya polipi hurudi nyuma na mfupa mweupe ukabaki wazi. Wengine hujibu kwamba chakula kisicholiwa huoza, kikaongeza nitrati na fosfati, taka zinazochafua maji. Kwa mfugaji wa Mtwara, ambako maji ya tangi hupata joto kirahisi na maji ya joto hushika oksijeni kidogo, umeme ukikatika na pampu zikasimama usiku, uozo huo hunyang'anya hata oksijeni iliyobaki.

Mimi naona pande zote mbili zinakosea zinapozungumzia wingi badala ya njia. Kamba mbichi, aliyeoshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mchele, apelekwe kwa bomba la sindano kwenye kila polipi, mara mbili au tatu kwa wiki. Kwanza humwagwa maji kidogo yaliyooshea kamba huyo, pampu zikiwa zimezimwa, ili polipi zinuse na kufunguka. Samaki na kamba wa tangini ni wezi wakubwa (humpokonya tumbawe tonge mdomoni), hivyo koloni hufunikwa kwa nusu ya chupa ya plastiki mpaka limeze.

Kuhusu mahali, husemwa kwamba tumbawe hili linaogopa mwanga. Halidhuriki nao; baharini hukaa chini ya vichomozo vya miamba kwa sababu huko mwani na matumbawe yapendayo jua hayalisongi. Kivuli kinasaidia, lakini mkondo wa maji ni muhimu zaidi, na kuliko vyote ni mahali ambapo mkono unafika. Pango la nyuma hupendeza macho na kuliua koloni.

Dendronephthya, tumbawe laini ambalo nalo halina mwani ndani yake, ni suala jingine. Hula chembechembe ndogo mno, mwani wa hadubini ukiwamo, karibu mfululizo. Wachache hufanikiwa kwa matangi makubwa na pampu zinazodondosha chakula usiku na mchana. Nyumbani Shangani, Mtwara, sioni sababu ya kulijaribu.

Wala ukaribu wa bahari si ruhusa ya kuvunja matumbawe Msimbati, iliyomo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Faida halali ya ukaribu huo ni maji ya kubadilishia tangi, yachotwe wakati wa maji kujaa, mbali na midomo ya mito, na yapimwe chumvi kila mara kati ya Desemba na Aprili, mvua zinapoyapunguza makali.