Nani alimlipia IU ada ya uigizaji?

Kila inapotangazwa tamthilia mpya ya Kikorea na jina la mwimbaji wa K-pop likakaa juu kabisa kwenye orodha ya waigizaji, ubishi huwa ni uleule. Upande mmoja unasema nafasi imeporwa. Kuna vijana waliosomea uigizaji chuoni, wakahangaika kwenye majukwaa madogo ya Daehangno jijini Seoul kwa malipo ya kubahatisha, halafu uhusika mkuu anapewa mtu ambaye kazi yake ni kuimba na kucheza. Upande wa pili unajibu kwa herufi mbili tu: IU.

Jibu hilo lina uzito. Lee Ji-eun, ambaye dunia inamjua kama IU, ni mwimbaji anayejaza viwanja peke yake. Septemba 2022 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Korea kufanya tamasha lake binafsi katika Uwanja wa Olimpiki wa Seoul, na Septemba 2024 akahamia Uwanja wa Kombe la Dunia. Wakati huohuo, tamthilia mbili alizoongoza, My Mister ya 2018 na When Life Gives You Tangerines ya 2025, zote zilitwaa tuzo ya tamthilia bora kwenye Baeksang, tuzo zenye heshima kubwa mno katika televisheni na filamu za Korea Kusini. Wapo mashabiki wengi wa tamthilia hapa Afrika Mashariki waliomjua kwanza kama mwigizaji, na muziki wake wakaufuata baadaye.

Kwa hiyo sibishani na wanaosema mwimbaji anaweza kuwa mwigizaji wa kweli. IU ameweza, tena bila shaka yoyote. Ninachobishania ni hatua inayofuata, pale watu wanapomtumia yeye kuhalalisha utaratibu mzima wa kugawa nafasi. Ukiifuatilia safari yake mwaka kwa mwaka, unakuta inasema jambo gumu zaidi ya hilo.

Alizaliwa 1993. Familia yake iliingia kwenye madeni, na amewahi kueleza hadharani jinsi alivyokaa na bibi yake katika chumba cha kubana. Alizunguka kwenye usaili wa kampuni za wasanii, mara zipatazo 20, akakataliwa, hata JYP, kampuni kubwa ya wasanii wa K-pop, haikumchukua. Alipopata kampuni na kutoa wimbo wake wa kwanza Septemba 2008 akiwa na miaka 15, wimbo ulidorora, na jukwaani watazamaji walimtolea maneno makali. Mlango ulifunguka Desemba 2010 kwa wimbo Good Day. Pale mwishoni sauti inapanda ngazi tatu mfululizo kwa pumzi moja, na wimbo ulikaa kileleni mwa Gaon, chati ya muziki ya Korea, wiki tano mfululizo. Mwezi uliofuata alikuwa tayari kwenye skrini za kituo cha televisheni cha KBS katika tamthilia ya Dream High, akicheza msichana mnene mwenye haya na sauti nzuri.

Dream High ilijaa waimbaji na ilihusu shule ya wasanii, hivyo hakuna aliyeona ajabu. Jambo lililofuata ndilo linalonipa shida. Mwaka 2013, akiwa na uzoefu wa tamthilia hiyo moja, alipewa uhusika mkuu katika You Are the Best!, tamthilia ya familia ya wikendi yenye sehemu 50. Kwa Korea hiyo ni nafasi ambayo mwigizaji wa kawaida huisubiri miaka mingi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa kwenye Bel Ami, iliyotazamwa na wachache sana. Mwaka 2015 alifanya vizuri katika The Producers, lakini pale alicheza nyota kijana wa muziki aliyechoshwa na umaarufu, jambo ambalo hakuhitaji kulitafuta mbali. Kisha 2016 ikaja Moon Lovers: Scarlet Heart Ryeo, tamthilia ya kifalme ya gharama kubwa. Sehemu za mwanzo zilipoonyeshwa, lawama zilimwangukia yeye na Baekhyun, mwimbaji wa kundi la EXO, kwamba uigizaji wao haukufikia kiwango. Tamthilia ikazidiwa nyumbani na mshindani wake wa KBS, ingawa huko nje ilipendwa sana na inapendwa hadi leo.

Sasa hesabu. Kutoka Dream High hadi My Mister ni miaka saba. Katika miaka hiyo IU alijifunza kuigiza akiwa katika uhusika mkuu, mbele ya taifa zima, akipewa nafasi nyingine kila aliposhindwa. Ilikuwa shule, na ada yake ililipwa na umaarufu wake wa muziki. Mwigizaji asiye na jina akiongoza tamthilia moja ikaanguka kama Bel Ami, simu yake huenda isiite tena. Huo ndio mzizi wa malalamiko ya wanaopinga, na sioni namna ya kuukwepa. Wanachokosa waigizaji wa Daehangno ni ruhusa ya kukosea zaidi ya mara moja.

Lakini upande wa pili nao una la kusema, na mara nyingi hausemi vizuri. Wazalishaji wa tamthilia hawagawi nafasi kwa sababu ya mapenzi tu. Tamthilia ya Kikorea inategemea sana haki za kurusha zinazouzwa nje, na mnunuzi aliye Japani au kwingineko Asia anataka jina analolijua. Mashabiki wa mwimbaji ni soko lililokwisha kukusanyika. Fedha hiyo ndiyo inayolipa pia mishahara ya waigizaji wakongwe wanaocheza mama, mjomba na bosi wa kampuni katika tamthilia hiyohiyo. Ukimwondoa mwimbaji, huenda kilichobaki ni tamthilia ndogo zaidi au isiyokuwepo kabisa. Halafu mwimbaji anayeshindwa naye halipi bei ndogo. Mwigizaji mchanga wa jukwaani akicheza vibaya, wanaomwona ni watu wachache ukumbini. IU alipocheza vibaya, vipande vya video vilisambazwa na kuchekwa nchi nzima, na zile lawama zinaweza kukumbushwa mpaka leo.

Turudi kwenye My Mister, maana bila tamthilia hiyo mjadala huu usingekuwepo. Kabla haijaanza kuonyeshwa kwenye kituo cha tvN, Machi 2018, ilipingwa vikali. Watu waliona mwanaume wa makamo na msichana wa miaka ishirini na kitu wakahofia hadithi ya mapenzi isiyofaa, na sehemu ya kwanza, ambamo msichana anapigwa na mtu anayemdai, ikazidisha hasira. Hofu ile ilikuwa na msingi, kwa sababu IU alikuwa ametoka kwenye dhoruba ya 2015, wimbo wake mmoja uliomhusu mtoto wa riwaya maarufu ya Kibrazili ulipolaumiwa kwa kumpa mtoto huyo sura ya kimapenzi, akaomba radhi. Tamthilia ilipoendelea, ikaonekana ni hadithi ya watu wawili waliochoka wanaoonana ubinadamu.

Tazama anavyomcheza msichana huyo, Ji-an. Anaiba vipaketi vya kahawa ya unga ofisini, akifika nyumbani anakoroga viwili kwenye kikombe kimoja, na hicho ndicho chakula chake cha jioni. Anamtia bibi yake asiyesikia kwenye toroli la dukani, anamsukuma kwenye baridi ili akauone mwezi. Anazungumza kwa sauti ya chini, maneno machache, bila kumtazama mtu. Na muda mrefu wa tamthilia anafanya jambo moja: amevaa vipokea sauti masikioni, anasikiliza simu ya bosi wake aliyoitegeshea programu ya udukuzi. Anasikia pumzi za mtu anayepanda ngazi, anasikia ugomvi, anasikia kilio. Uso haufanyi karibu chochote, ila sisi tunajua kila kinachomwingia.

Nadhani hapa ndipo alipovuka. Katika Moon Lovers alikuwa anajitahidi kuigiza kwa macho na kwa nguvu, kama waigizaji wengi wachanga. Katika My Mister mwongozaji Kim Won-seok alimpa kazi ambayo mwimbaji anaiweza kuliko mtu mwingine, yaani kusikiliza. Aliyekaa studio tangu utotoni akisikiliza sauti yake mwenyewe, akipima pumzi inaingia wapi na neno linaishia wapi, ana ujuzi ambao vyuo vya uigizaji hufundisha kwa tabu. Miaka minne baadaye jambo lilelile linaonekana katika Broker, filamu ya mwongozaji wa Kijapani Kore-eda Hirokazu, aliyesema alimchagua baada ya kuitazama My Mister. Filamu ilishindanishwa kwenye tamasha la filamu la Cannes 2022, na Song Kang-ho aliyeigiza humo akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Tukio ninalolikumbuka zaidi ni la IU: chumba cha hoteli, taa zimezimwa, na mhusika wake anamwambia kila mmoja aliyemo humo asante kwa kuzaliwa. Hakuna uso wa kutegemea, ni sauti tu gizani, na haitetemeki hata kidogo kutafuta machozi yetu.

Kwa hiyo wale wanaosema muziki na uigizaji wake ni kazi mbili tofauti, nawapinga. Kwa IU kimoja kilikilisha kingine. Na hata nyimbo zake zinaonyesha kwa nini alihitaji uigizaji. Kwa miaka mingi aliandika kuhusu umri wake mwenyewe: Twenty-three mwaka 2015, Palette mwaka 2017, Eight aliyoimba na Suga wa kundi la BTS mwaka 2020, na Lilac mwaka 2021 akiaga miaka yake ya ishirini. Ni nyimbo nzuri, lakini mtu aliyekuwa maarufu tangu miaka 15 ana maisha ya kawaida kiasi gani ya kuandikia? Mhusika anampa nafasi ya kuwa mfanyakazi wa kibarua au binti wa kisiwa cha Jeju anayetamani kuwa mshairi.

Gharama nayo ipo, na mashabiki wa muziki wake wana haki ya kuitaja. Albamu kamili zilikuja karibu kila baada ya miaka miwili mwanzoni: 2009, 2011, 2013. Kisha 2017, kisha 2021. Baada ya Lilac, hadi katikati ya 2025, tulipata albamu fupi na nyimbo za wengine alizoziimba upya, basi. Sisemi uigizaji ndio sababu pekee. Kwenye tamasha la 2022 alieleza kuwa ana tatizo la masikio linalomsumbua anapoimba, na hapohapo akatangaza kuwa Good Day inatoka kwenye orodha ya kawaida ya matamasha yake. Hata hivyo tamthilia yenye sehemu 16, iliyorekodiwa kwa kupita misimu kama Tangerines, inakula muda ambao haurudi.

Tangerines yenyewe inanipa majibu mawili. Humo anacheza watu wawili, Ae-sun akiwa kijana na kisha binti yake Geum-myeong. Kama Ae-sun wa miaka ya mwanzo naona bado kuna juhudi inayoonekana, kilio kingi, sauti juu. Kama Geum-myeong, binti anayewafokea wazazi wake kisha anajuta kabla sentensi haijaisha, ni mzuri kiasi kwamba nilisahau ni mtu yuleyule. Lakini ukitafuta nguzo ya tamthilia ile utamkuta pia Yeom Hye-ran, anayecheza mama yake Ae-sun, mzamiaji wa Jeju, aliyeondoka na tuzo ya mwigizaji msaidizi kwenye Baeksang. Yeye alitokea kwenye maigizo ya jukwaani na jina lake lilichelewa sana kujulikana.

Na tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka huo, ambayo IU aliteuliwa kuiwania, ilikwenda kwa Kim Tae-ri. Uhusika uliompa ushindi ulikuwa wa mwimbaji, na kwa ajili yake alijifunza pansori, uimbaji wa jadi wa Kikorea, kwa miaka kadhaa. Kim alianzia kwenye kikundi cha maigizo chuoni, na filamu yake kubwa ya kwanza, The Handmaiden ya 2016, aliipata kwa usaili uliohudhuriwa na watu wapatao 1,500. Park Chan-wook, mwongozaji mwenye jina kubwa, aliamua kumwamini mtu asiyejulikana na fedha hazikupotea.

Hoja yangu inasimama hapo. Sitaki IU aondolewe kwenye skrini. Ningependa hata apewe wahusika wagumu kuliko hao. Ninataka vituo vya televisheni vinavyomtaja IU kila vinapoulizwa kuhusu waimbaji vijibu pia swali la pili: ni mwigizaji gani asiye na mashabiki waliyempa miaka saba na uhusika mkuu mara nne kabla hawajamhukumu?