"Na kabla ya hapo?"

Riwaya za mapenzi zinazopita kwenye simu zetu, sehemu ya kwanza mpaka ya sitini, nazisoma na wala sijifichi. Nazisoma usiku watoto wakishalala, nazisoma ndani ya daladala ya Fuoni. Lakini kila nikikutana na habari ya wawili waliotoka nyumba zisizolingana, mwisho naujua kabla sijafika kati. Kijana masikini, binti wa tajiri, baba kakataa. Kijana anapata kazi Dubai, au anagundulika kuwa mrithi wa mali. Baba anakubali, ukumbi unapambwa.

Kwetu Unguja na Pemba mambo hayaendi hivyo, na mwandishi wa kwetu anayeandika hivyo ananiuma, maana hadithi yenyewe kaiacha mlangoni.

Siku ilipoletwa posa ya dada yangu, mtoto wa mama mdogo, mimi nilikuwa chumba cha ndani na wanawake wenzangu. Wanaume wako ukumbini, barua imeshapokewa, kahawa inatiwa. Upande wa kijana walikuja mjomba wake na wazee wawili, wamepanda boti ya asubuhi kutoka Pemba. Kijana ana kazi nzuri, mshahara wake unawashinda kaka zetu wote. Hakuna aliyeuliza mshahara. Mzee mmoja wa kwetu aliuliza, kwa sauti ya upole kabisa: "Na huyu kijana, kwa asili, ni watu wa wapi hasa?"

Mjomba akataja kijiji.

"Naam. Na kabla ya hapo?"

Dada yangu alikuwa kakaa ukingoni mwa kitanda, simu kaifunika mapajani. Aliposikia hilo la pili alifumba macho. Jibu lilipelekwa baada ya wiki mbili: tunashukuru kwa heshima mliyotupa, lakini binti bado anasoma. Chuo alikwisha kumaliza miaka miwili nyuma.

Swali la yule mzee ni kongwe kuliko yeye. Utumwa ulifutwa kwa sheria Zanzibar mwaka 1897, lakini hesabu ya nani katokea wapi, nani alikuwa bwana na nani alikuwa wa nani, ilibaki vichwani mwa watu. Mji wenyewe uligawanyika: Mji Mkongwe upande huu wa hori, Ng'ambo upande wa pili. Hori lilikwisha kufukiwa zamani, mtu anapita Darajani asione daraja, na bado Ng'ambo inaitwa Ng'ambo. Mapinduzi ya 1964 yalikuja na ahadi ya kutusawazisha. Mwaka 1970 wakubwa wakataka watu wachanganyike kwa amri, wasichana wenye asili ya Kiajemi wakaozeshwa kwa nguvu kwa wanaume wasiowataka. Waliolipa ni wasichana wale. Anayeandika mapenzi ya visiwa hivi inampasa ajue kwamba hata hilo limo katika kimya cha wazee wanapokunywa kahawa.

Wazee hao neno lao ni kufu, yaani wanaooana kulingana. Ni neno la dini, na hapa ndipo ninapowaonea uchungu waandishi wetu, kwa utajiri wanaoupita. Katika fiqhi, yaani sheria ya dini, ya Kishafii, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoifuata, kufu ni haki ya binti na walii wake, msimamizi wa kumuozesha; wakiridhia wenyewe kuiacha, ndoa inasihi. Walii akimzuia binti bila ya sababu ya kisheria, binti anaweza kwenda kwa kadhi, na kadhi akamuozesha. Sasa mtie binti wa Vuga mbele ya kadhi, baba yake kakaa benchi la nyuma, na shauri zima linazunguka hapo hapo: kijana huyu ni kufu au si kufu? Nani atasimama kutoa ushahidi? Nani katika ukoo atanyamaza akijua kwamba bibi yake mwenyewe aliolewa kwa namna ile ile? Riwaya hiyo ningeinunua kwa bei yoyote.

Na lugha. Kiunguja cha Mjini ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili sanifu tangu enzi za mkoloni, basi kwenye riwaya hizi wote husema mamoja, tajiri na mchuma karafuu. Mimi nimemuona kijana wa Micheweni, Pemba, akibadili ulimi mbele ya watu wa mkewe. Mama yake akipiga simu, anatoka kwanza uani ndipo aipokee. Hapo pana mapenzi na pana aibu, na mwandishi hahitaji zaidi ya mstari mmoja.

Adam Shafi katika Vuta n'kuvute alimpa Yasmin, binti wa Kihindi, moyo wa kumpenda Denge, kijana wa Kiafrika aliyekuwa akipambana na serikali ya mkoloni. Hiyo ni Zanzibar kabla ya uhuru. Ninayoitaka ni ya leo, yenye simu, boti ya mwendo kasi na binti mwenye digrii yake, ambaye posa yake inajibiwa na watu asioweza kuwakatalia.

Siku ile wageni walipoondoka, vikombe nilivipokea mimi. Kimoja kilikuwa kimejaa vile vile, kahawa imeshapoa. Nilimuuliza mdogo wangu aliyevileta ni cha nani. Akasema cha mjomba.